Sura ya Tano: Nirushie Huo Wimbo

Kwa nini mtu akipata wimbo mtamu hatulii mpaka rafiki yake ausikie? Na kwa nini wimbo uleule uliowainua watu vitini siku ya uzinduzi wa kwaya, ukiusikiliza kesho yake kwenye simu, unapwaya?

Maswali haya huulizwa popote penye vijana na simu. Sura hii itayajibu kwa kutazama wilaya mbili za Mkoa wa Manyara, Mbulu na Hanang, kwa sababu huko muziki mwingi unaopendwa haupigwi redioni, hauna kampuni nyuma yake, na hauendi popote usipobebwa na mtu. Ukitaka kujua kushirikishana nyimbo kunafanya kazi gani, nenda mahali ambapo bila kushirikishana wimbo ungeishia kijijini ulikotungwa.

Kuna sababu nyingine. Hapa zinakutana lugha za koo zilizo mbali kabisa. Wairaqw, ambao ndio wengi, husema lugha ya Kikushi, yaani yenye undugu na Kisomali na Kioromo. Wadatoga, ambao Wabarabaig wa kandokando ya Mlima Hanang ni tawi lao, husema lugha ya Kinailoti, yenye undugu wa mbali na Kimaasai. Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu ni Wabantu. Katika Bonde la Yaeda wako Wahadzabe, ambao lugha yao ina vidoko, zile sauti zinazotoka ulimi ukibanduliwa ghafla kwenye kaakaa. Kituo cha utamaduni cha Haydom kinaitwa Four Corners, pembe nne, kwa ajili ya makutano hayo. Katika mazingira kama haya, ukimpa rafiki yako wimbo unaoupenda, mara nyingi unampa wimbo wa lugha asiyoielewa. Na bado anaupokea.

## Msanii anayejitegemea ni nani?

Msanii anayejitegemea ni yule asiye na kampuni ya kumlipia studio, kumtangaza wala kumtafutia maonyesho. Gharama ni zake, hasara ni yake, na faida ikipatikana ni yake pia.

Wazazi wetu hawakuwa na wasanii wengi wa namna hii kwenye majukwaa makubwa. Bendi zao za dansi zilikuwa na wenyewe: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, vyombo vilikuwa vya mwajiri, na alipohama bendi aliviacha.

Mbulu na Hanang za leo ni kinyume chake. Kwaya ya kanisa inachangishana kwa wanakwaya wenyewe ili ikarekodi. Kijana anayeimba kwa Kiiraqw anauza mbuzi au gunia la mahindi, anapanda gari kwenda Babati au Karatu, na anaingia studio ya chumba kimoja yenye magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi, kompyuta moja na maikrofoni moja. Anatoka na wimbo kwenye flashi. Hapo ndipo kazi inapoanza, maana hakuna mtu duniani anayejua kwamba wimbo huo upo.

Nina heshima kubwa kwa watu hawa. Kuuza mbuzi ili urekodi wimbo wa lugha isiyoeleweka mbali na kwenu kunataka imani kubwa kwa majirani.

## Kabla ya memori kadi kulikuwa na kadi za salamu

Utangazaji wa redio Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam, ambayo baadaye ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Mpaka sheria ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi, Tanzania Bara ilikuwa na redio hiyo tu. Mtu wa Dongobesh, wilayani Mbulu, na mtu wa Mtwara walisikia wimbo mmoja dakika ileile.

Namna ya kumpa rafiki wimbo ilikuwa kadi ya salamu. Ulinunua kadi dukani, ukaandika jina lako na anwani yako, mara nyingi sanduku la posta la shule au la misheni, ukaorodhesha unaowasalimu, ukataja wimbo unaoomba upigwe, kisha ukaipeleka posta. Ukakaa ukisubiri. Wiki zikipita, jioni moja mtangazaji anasoma jina lako na majina ya rafiki zako mmoja mmoja, na wimbo unaanza. Waliozama katika mchezo huo waliitwa wanasalamu, na wengine walijulikana nchi nzima bila kuonwa sura. Kulikuwa na kipindi cha wagonjwa pia, Ugua Pole. Mtu aliyelazwa katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 mbali na mji wowote mkubwa, aliweza kutumiwa wimbo na ndugu aliye upande wa pili wa nchi.

Katika kadi ile mambo matatu yalisafiri pamoja: jina la anayetoa, jina la anayepewa, na jina la mwimbaji, kwa kuwa mtangazaji hakuacha kumtaja. Yashike haya matatu. Tutaona moja lilivyopotea njiani.

Kulikuwa na upungufu pia, na haufai kufichwa. RTD ilizunguka mikoani kurekodi ngoma za makabila, lakini sehemu kubwa ya muda wake ilikuwa ya Kiswahili, na kwa muda mrefu masharti ya leseni za utangazaji yametaka vipindi viendeshwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Wimbo wa lugha ya asili hupata nafasi ya kubahatisha. Wapo waliopenya: mwaka 2001 Saida Karoli wa Kagera aliimba kwa Kihaya, na nchi nzima ikamwimbia, wakiwamo watu wa Manyara wasiojua neno la Kihaya. Yeye alikuwa na mtayarishaji wa kumsukuma. Mwimbaji wa Kiiraqw asiye na mtu wa namna hiyo ilimbidi atafute barabara nyingine.

## Barabara hiyo inapita mnadani

Siku ya mnada Katesh, wilayani Hanang, pembeni mwa ng'ombe na mbuzi, nyuma ya wauza mitumba na wachoma nyama, utakuta meza yenye turubai juu. Mezani kuna kompyuta mpakato iliyopauka kwa vumbi, spika mbili, na waya unaoshuka hadi kwenye betri ya gari iliyowekwa chini. Kijana wa meza hiyo anaingiza nyimbo. Unampa memori kadi yako, unasema unachotaka, anaichomeka, anahamisha, unalipa, unaondoka.

Kaa hapo nusu saa usikilize jinsi watu wanavyoagiza. Wachache hutaja jina la wimbo. Mama mmoja anaimba kipande cha kiitikio huku akicheka. Mzee aliyejifunga shuka, fimbo mkononi, anasema, "Ile ya kwaya yenye sare za zambarau," na kijana anaipata bila kuuliza mara ya pili. Mchungaji wa Kibarabaig anatoa memori kadi kutoka kwenye redio ndogo yenye tochi anayoivaa shingoni. Kadi hiyo itaimba siku nzima nyuma ya ng'ombe, mahali pasipo na umeme wala mtandao. Na sentensi utakayoisikia kuliko zote hapo ni hii: "Nataka ule aliokuwa nao fulani." Mteja hajauchagua wimbo peke yake. Ameusikia kwa rafiki, umemkaa, amekuja kuufuata.

Mtandao ulipofika vijijini, barabara ya pili ilifunguka. Halotel walianza huduma mwaka 2015 wakilenga zaidi vijijini, na simu za kugusa zikashuka bei. Sasa vijana wawili wakikutana chini ya mti mmoja anasema, "Kaka, nirushie huo," na wimbo unahama kwa bluetooth, yaani mawasiliano ya simu kwa simu yasiyohitaji bando, au kwa programu za kurushiana mafaili, au kwa WhatsApp bando likiwepo.

Njia hii ni ya haraka na gharama yake ni ndogo. Lakini angalia kilichoandikwa kwenye simu ya aliyepokea: "Track 07". Au "AUD", tarehe, na tarakimu. Wimbo umefika, rafiki unamjua, na mwimbaji ametoweka. Ukiuliza "huyu ni nani?" utajibiwa "sijui, wa huko Haydom". Lile jambo la tatu kwenye kadi ya salamu limedondoka hapa, nami naliona kuwa hasara kubwa kuliko hata fedha asizolipwa. Mtu asiyejulikana jina haalikwi harusini.

Kwa ufupi, mpaka hapa:

- RTD ilibeba wimbo mbali na ilitaja majina, lakini ilikuwa na nafasi finyu kwa lugha za asili.
- Memori kadi na simu zimefungua njia kwa lugha zote, lakini jina la mwimbaji huanguka njiani.
- Katika njia zote mbili, anayeusukuma wimbo ni rafiki wa mtu.

## Wimbo unataka mwitikiaji

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Kwa nini hatutulii?

Wairaqw wana sanaa ya maneno iitwayo slufay. Ni dua ndefu ya kishairi inayotolewa na mzee mwenye kipaji mbele ya mkusanyiko, kuomba mvua, afya, mifugo, na amani na majirani. Mzee anatoa mstari, na wote waliokaa wanaitikia kwa pamoja, kwa sauti moja ya chini, kisha anatoa mstari unaofuata. Mwitikio haukuwekwa kama pambo. Bila wao mzee hana pa kuegemeza mstari wa pili, na dua haikamiliki kwa sababu imekuwa ya mtu mmoja. Mwenye sauti nzuri kuliko wote wilayani, akiwa peke yake nyumbani, hana slufay. Ana maneno tu.

Shuka Bonde la Yaeda, kwa Wahadzabe. Ngoma yao ya epeme huchezwa usiku usio na mwezi, na moto huzimwa. Mwanamume mmoja mmoja huingia kucheza, manyoya kichwani, kengele mguuni, kayamba mkononi. Wanawake wanaimba. Giza ni nene kiasi kwamba mchezaji haonekani vizuri. Anajulikana kwa mguu unaopiga ardhi na kengele inayojibu. Nikisoma matangazo ya maonyesho ya mijini yanayosifu taa za rangi na moshi wa jukwaani, huwa naikumbuka epeme, onyesho lililoondoa kila kitu cha kutazama likabakiza wanaoimba na anayecheza.

Kwa Wadatoga sauti ya binadamu ndiyo chombo kikuu. Wanasimama wakitazamana, wanapiga makofi, vijana wanaruka juu wima, na kina mama katika sketi zao za ngozi zenye nyuzi ndefu wanashika kiitikio. Nao wana mazishi ya heshima kwa wazee wakubwa, bung'eda, yanayochukua miezi, ambapo kilima cha udongo hujengwa juu ya kaburi na watu hurudi kukusanyika na kuimba. Nyimbo za namna hiyo zina mahali pake. Mradi wa mashamba ya ngano uliosaidiwa na Kanada ulipoanza mwaka 1970 katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang, maelfu kwa maelfu ya ekari za malisho yalilimwa kwa matrekta, na makaburi yalilimwa pamoja nayo. Katika mabishano ya ardhi yaliyofuata kwa miaka mingi, Wabarabaig walidai malisho yao na walidai makaburi yao. Asiyejua wimbo unavyofungamana na watu na mahali hawezi kuelewa uzito wa dai lile la pili.

Hizi ni jamii tatu zenye lugha tatu zisizo na undugu, na zote zinaushughulikia wimbo kwa namna ileile: una mwanzishaji na una mwitikiaji, na nusu yake iko mikononi mwa anayesikiliza. Hilo ndilo jibu langu kwa swali la kwanza. Unapotaka rafiki yako ausikie wimbo ulioupenda, unatafuta mwitikiaji. Umepewa nusu, na nusu hiyo haikai kimya kifuani.

Ndiyo maana unapomrushia mtu wimbo unamtazama usoni. Unasubiri sekunde ile ambapo kiitikio kinaingia, uone kama kichwa kitatikisika. Kikitikisika, furaha unayoipata ni kubwa kuliko ya mara ya kwanza ulipousikia mwenyewe.

## Wanasayansi wanasemaje?

Wanasema mambo yanayokaribiana sana na haya. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walichapisha matokeo ya kufuatilia madarasa ya watu wazima waliokuwa hawajuani. Madarasa mengine yalikuwa ya kuimba, mengine ya kazi za mikono na ya uandishi. Mwisho wa miezi saba wote walikuwa wamekaribiana. Ila waimbaji walikaribiana mapema zaidi, tangu siku za mwanzo kabisa. Maelezo ya watafiti hao yanahusu endofini, kemikali ambayo ubongo huitoa mtu akifanya kazi ya viungo pamoja na wengine kwa mapigo yanayolingana. Hupunguza maumivu na huleta hisia ya kuwa karibu na ulionao. Kuimba, kupiga makofi na kuruka ni kazi ya viungo. Kusikiliza simu umekaa ni kazi ndogo.

Jambo la pili linamhusu yule rafiki anayesikiliza wimbo wako mara moja na kusema "wa kawaida tu". Usimkatie tamaa. Mwaka 1968 Robert Zajonc, mwanasaikolojia aliyezaliwa Poland na kufanya kazi Marekani, alionyesha kwamba watu huelekea kukipenda kitu kwa kukutana nacho mara nyingi, hata kama hakuna aliyewaeleza uzuri wake. Wewe umeusikia mara ishirini. Yeye mara moja, tena kwenye spika ya simu iliyopasuka. Mpigie wimbo tena mkiwa safarini. Uache uimbe mkiwa mnapika. Baada ya siku chache utamkuta anaupigia mluzi.

## Siku ya uzinduzi

Tukitaka kuona mwimbaji na mwitikiaji wakikutana uso kwa uso leo, tuache uwanja mkubwa wa mjini wenye wasanii wa matangazo. Twende kwenye uzinduzi wa albamu ya kwaya. Kwa Mbulu na Hanang hilo ndilo onyesho kuu la muziki wa kujitegemea, na anayelipuuza kwa sababu ni la kanisani anapitwa na muziki mtamu.

Uzinduzi ni shughuli ya siku nzima. Kwaya wenyeji wamefanya mazoezi kwa miezi kadhaa baada ya kutoka shambani. Wamealika kwaya jirani, na kila moja ina nyimbo mbili. Kuna MC, kuna mgeni rasmi, kuna sufuria za pilau nyuma ya jengo. Kinanda kimewekwa juu ya meza ya shule. Gitaa la besi limeazimwa parokia nyingine. Jenereta liko mbali kidogo ili mngurumo wake usiingie kwenye maikrofoni. Watu wamekuja kwa bodaboda, kwa miguu, na kwa lori lililokodiwa, wengine kutoka vijiji vya mbali upande wa pili wa bonde.

Wakati wa kuzindua, mgeni rasmi hununua nakala ya kwanza kwa bei kubwa kupita thamani yake, kisha MC anageukia umati: nani anachukua ya pili? Hapa watu hushindana kwa furaha, maana kila nakala inayonunuliwa hadharani hutajwa pamoja na jina la mnunuzi. Katikati ya nyimbo kuna kutunza: mtu anatoka alipokaa akicheza, anamfikia mwimbaji, anamwekea noti mkononi au mfukoni, anarudi akicheza. Bibi mwenye noti moja ya elfu hutembea polepole kuliko wote, na umati humshangilia kuliko mgeni rasmi.

Nimewahi kusikia watu wa mjini wakisema kutunza kunamkatiza msanii. Sikubaliani nao hata kidogo. Kutunza ni kuitikia kwa noti. Mwimbaji anajua mstari upi umemgusa nani, wakati huohuo, mbele ya watu.

Kuna jambo moja ninaloomba kwaya zetu zilifikirie upya, nalo ni kuimba juu ya rekodi. Studio inatoa wimbo safi, basi siku ya uzinduzi wanakwaya wanacheza na kufungua midomo huku spika zikitoa rekodi. Naelewa sababu: vyombo ni ghali, na sauti hukauka kwa vumbi. Lakini rekodi haiwezi kumsubiri bibi aliyeinuka na noti yake. Haiwezi kurudia ubeti watu wakiomba. Kwaya inayoimba laivu ikikosea hujikusanya ikaendelea, na umati unaisaidia. Umeme ukikatika katikati ya wimbo wa rekodi, shughuli imesimama. Ukikatika kwaya ikiwa inaimba kwa mapafu yake, waliokuja wanaupokea wimbo pale ulipofika, makofi yanashika nafasi ya kinanda, na mara nyingi dakika hizo zisizo na spika ndizo watu watakazozisimulia wiki nzima.

Disko vumbi ni ndugu wa shughuli hii kwa upande wa kidunia: uwanja wa wazi, spika zilizopangwa, DJ, sikukuu ya Krismasi au majira ya fedha za mavuno, na vumbi linalopanda mpaka magotini. Wasanii wachanga wa Kiiraqw wanapata jukwaa hapo kwa kuomba wimbo mmoja au miwili kati ya nyimbo za DJ. Umati wa disko vumbi hauna huruma. Ukiupata, ujue wimbo unao.

## Kwa nini simu inapwaya

Swali la pili sasa ni jepesi. Ulichokipenda siku ya uzinduzi kilikuwa wimbo pamoja na waitikiaji mia tatu, na wewe ukiwa mmojawapo. Simu imekuletea upande mmoja tu. Si kosa la msanii, wala si kwamba ulidanganyika siku ile.

Dawa yake watu wa huku wanaijua tayari: sikilizeni pamoja. Vijana watatu wenye redio moja ya memori kadi, mmoja akishika kiitikio, wana muziki mwingi kuliko mtu mmoja mwenye spika za masikioni za bei mbaya.

Kumpa rafiki onyesho ambalo hakuliona ni kazi nyingine tena. Siku hizi umati wote umenyanyua simu. Mimi nasema rekodi ubeti mmoja, kisha iweke mfukoni, kwa kuwa mwenye simu mkononi hapigi makofi, na asiyepiga makofi amepunguza wimbo wa wenzake. Ubeti mmoja unatosha kumwonyesha rafiki. Mengine msimulie kwa mdomo: nani alitunza, wapi umati uliimba peke yake, mwimbaji alivaa nini, mvua ilinyesha saa ngapi. Watu wa Hanang ni hodari wa kusimulia, na kuna waliohadithiwa uzinduzi vizuri kiasi kwamba wanaapa walikuwepo.

## Unaporusha, rusha na jina

Nakala moja moja za bluetooth hazimlipi msanii, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda kwenye karatasi kuliko inavyoweza kumlinda chini ya mti wa Basotu. Simlaumu kijana anayempa mwenzake wimbo. Bila yeye wimbo ungekufa. Namwomba tu afanye kazi aliyokuwa akiifanya mtangazaji wa salamu:

- Kabla ya kurusha, badilisha jina la faili. Futa "Track 07", andika jina la mwimbaji au la kwaya, na kijiji au mji wake.
- Kama wimbo ni wa lugha ambayo rafiki yako haijui, mweleze kwa sentensi mbili unahusu nini. Usitafsiri wote.
- Ukijua namba ya simu ya kumwalikia msanii, ambayo wengi huitaja wenyewe mwishoni mwa wimbo au kwenye video zao, iambatanishe.
- Video ikiwa YouTube na bando likiwepo, itazameni huko walau mara moja, kwa sababu huko kila anayetazama huhesabiwa.
- Ukisikia kuna uzinduzi, nenda na mtu asiyewahi kuisikia kwaya hiyo.

Fedha zenyewe zimo katika kualikwa. Wasanii wa Mbulu na Hanang wanaoweza kuendelea kurekodi ni wale wanaoalikwa: harusi, send-off, mahafali, kipaimara, uzinduzi wa wenzao. Mwaliko mmoja unaweza kurudisha gharama ya studio, na mwaliko hutoka kwa mtu aliyeusikia wimbo kwa rafiki, akauliza ni wa nani, akajibiwa.